Chumba cha Nyanya

Mlango wa chumba chao ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na kufuli lenyewe lilikuwa jipya. Hilo ndilo Msusi aliloliona kwanza. Behewa zima lilikuwa limechakaa, rangi imebanduka, vioo vina nyufa, lakini kufuli liling'aa kama lililotoka dukani asubuhi hiyo. Akalitikisa. Nyuma yake, kwenye korido, mumewe alikuwa amemshika mama yake kiunoni, na mama mtu amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, ule wa pili, wenye bandeji, ameuning'iniza usiguse sakafu.

"Labda si hiki," mumewe akasema.

"Ni hiki. Soma mlango, halafu soma tiketi."

"Nimesoma."

"Basi?"

Mumewe akaitazama tiketi tena. Alikuwa fundi redio, mtu wa kuinamia meza yake kutwa akisikiliza vitu vilivyoharibika, na mtaani kwao wote walimpenda kwa sababu hakuwahi kugombana na mtu. Mkewe alikuwa amekwisha kumchoka kwa sababu hiyohiyo.

Treni waliichagua kwa ajili ya kitanda, si kwa kitu kingine. Basi lingewafikisha upesi zaidi, lakini mama mkwe alikuwa na kidonda cha sukari kwenye unyayo, na daktari wa zahanati yao alikuwa ameonya kwamba mguu ule usikunjwe wala usining'inie njia nzima. Ulazwe, uinuliwe juu ya mto. Akawaandikia waende hospitali kuu, ambako bingwa wa miguu ya namna ile hukaa siku moja tu katika wiki. Siku hiyo ilikuwa kesho. "Msiikose," daktari alisema, na hakuwa mtu wa kutisha watu ovyo.

Mkuu wa treni alitokea mwisho wa korido akitanguliwa na sauti ya funguo zake. Alikuwa na rundo zima kiunoni, akitembea zinalia, na abiria wenye kusafiri mara kwa mara walimwita Bwana Funguo, ingawa si mbele yake.

"Hicho chumba kibovu," alisema kabla hajaulizwa.

"Kibovu kina nini?" Msusi akauliza.

"Umeme."

"Sisi hatutaki umeme, tunataka kitanda. Mgonjwa atalala gizani, hana shida."

"Mama, nimesema ni kibovu. Nendeni behewa la kukaa, huko nafasi zipo."

"Tumelipia kulala."

"Mkifika mtadai ofisini."

"Ofisi gani, na kwa nani?"

Lakini alikwisha kuwapita, amejibana ukutani asimguse yule mgonjwa, na funguo zake zikaenda zikilia hadi behewa la pili.

"Tukae tu," mumewe akasema taratibu. "Tusianze safari kwa ugomvi."

"Ugomvi haujaanza," Msusi akamwambia. "Ukianza utausikia."

Mama mkwe akaguna. "Nyinyi malizeni mazungumzo yenu. Mimi nipo, nasimama."

*

Behewa la kukaa lilikuwa na viti vya mbao vinavyotazamana. Treni iliyotakiwa kuondoka alfajiri iliondoka jua likiwa utosini, bila mtu kueleza kitu, bila hata king'ora cha kuomba radhi. Waliupatia mguu wa bibi yule mahali pa kukaa: mapajani pa Msusi. Akaweka mtandio wake uliokunjwa chini ya kisigino, akashika kifundo kwa mikono miwili kila treni ilipoyumba.

Mama mkwe hakumshukuru. Tangu siku ya kwanza alikuwa amemwambia mwanawe kwamba mwanamke anayeshika vichwa vya watu kutwa nzima hawezi kushika nyumba, na miaka yote iliyopita haikumfanya abadili neno. Jina lake hakulitaja. Alimwita "Msusi," kama mtu anayeita kibarua. Watoto wake wengine wawili, wakubwa, ndio aliowasifia. Safari ilipokuja, wa kwanza alisema ana mkutano, wa pili simu yake ikawa haipatikani, na hapo ndipo Msusi alipofunga saluni yake akawaambia wateja warudi wiki ijayo.

"Ningezaa binti," mama mkwe alisema akitazama dirishani, "nisingebebwa kama gunia."

"Ungezaa binti, naye angekuwa na mkutano, Mama."

"Una mdomo."

"Ninao. Leo utatufaa."

Joto lilipozidi, kidonda kikaanza kunuka. Haikuwa harufu kali mwanzoni. Ilikuja ikaondoka, kama mtu anayechungulia mlangoni. Kisha ikakaa. Mwanamke aliyekuwa kiti cha mbele yao, na mkoba mkubwa magotini, alijifuta pua mara kadhaa, halafu akaibana moja kwa moja, akainuka akaenda kusimama kule mbele. Mwanamume mmoja wa tai akafungua dirisha kwa kishindo.

"Samahani," akasema, naye hakuonyesha dalili yoyote ya kutaka kusamehewa, "mgonjwa wenu huyu, hakuna behewa la wagonjwa?"

"Kuna chumba chake," Msusi akajibu. "Kimefungwa kufuli. Nenda kakidai, utatusaidia sote."

"Mimi nauliza tu."

"Na mimi nakujibu tu."

Mumewe akamgusa bega. Msusi akalisogeza bega. Mama mkwe alikuwa amejifanya amelala, lakini kope zilimcheza, na mkono wake ulikuwa umevuta ncha ya shuka polepole kufunika bandeji, kama mtu anayeficha kitu alichokiiba.

*

Haja ilimshika mama mkwe baada ya kituo cha tatu. Ugonjwa wake ulikuwa wa kunywa maji sana na kwenda chooni sana, nao walilijua hilo. Ndiyo maana walikuwa wamefurahi kusikia kwamba daraja la kulala lina choo chake. Msusi akaenda huko kukagua. Choo cha upande mmoja kilikuwa kimefungwa. Cha upande wa pili kilikuwa wazi, lakini hakuna aliyeweza kuingia: kilikuwa kimefurika hadi kizingitini, na mtu alikuwa ametupa magazeti juu yake kana kwamba hilo ni jibu.

Akamkuta Bwana Funguo behewa la chakula, mbele yake kikombe cha chai.

"Mama yangu anahitaji choo."

"Vipo viwili."

"Kimoja kimefungwa, kimoja kimefurika."

"Abiria ndio wanaokichafua. Sisi tunawasafirisha, hatuwafundishi adabu."

"Nifungulie kile kilichofungwa."

"Kile kibovu."

"Choo cha wafanyakazi, je?"

Hapo alimtazama kwa mara ya kwanza, kuanzia viatu kwenda juu. "Choo cha wafanyakazi ni cha wafanyakazi. Jina lenyewe linasema. Wewe umeajiriwa na shirika?"

Mhudumu wa chakula akacheka. Si cheko kubwa, la puani. Lakini Msusi alilisikia njia nzima akirudi, na masikio yalimwaka moto.

Aliporudi, treni ilikuwa inapunguza mwendo. Ikapunguza zaidi, ikasimama katikati ya pori la miiba ambako hapakuwa na kituo wala nyumba. Wanaume wakaanza kuruka chini, wakajipanga kando ya njia wakiwa wameipa treni migongo. Wanawake wachache wakashuka wakaenda penye vichaka, wakishikiana nguo.

"Mama, tushuke haraka," Msusi akasema. "Nitakushikia shuka, hakuna atakayekuona."

Walimfikisha mlangoni. Kutoka ngazi ya mwisho hadi kwenye kokoto palikuwa mbali. Mtu mzima mwenye miguu miwili alipaswa kuruka. Mama mkwe akatazama chini. Akatazama wanaume kule kando, akatazama nyuso zilizojaa madirishani.

"Sishuki," akasema.

"Mama," mwanawe akaanza, "nitakubeba..."

"Nimesema sishuki! Umri huu nibebwe na mwanangu wa kiume nikakojoe mbele ya watu? Nirudisheni."

Hawakufika kitini. Hapo hapo, kati ya mlango na kiti cha kwanza, mwili wa bibi yule ukamshinda. Alisimama wima, ameshika chuma cha dari kwa mkono mmoja, uso umegeuzwa ukutani, wakati maji yakimtiririka na kuingia kwenye bandeji. Msusi akamfunika kwa shuka kutoka mabegani, akasimama mbele yake amepanua mikono, akiwakodolea macho abiria mmoja mmoja hadi kila mmoja alipoinamisha kichwa.

Mumewe alikuwa amesimama tu, mikono imelegea.

"Nenda kule mbele," Msusi akamwambia kwa sauti ya chini. "Nenda, usimwangalie mama yako."

Akaenda.

"Usije ukawaambia wale wakubwa," mama mkwe akasema, bado ametazama ukuta.

"Siwaambii."

"Wala mashogazo wa saluni."

"Mama, simwambii mtu."

*

Maji ya kunywa waliyobakiwa nayo hayakutosha hata kulowesha bandeji ibanduke kwenye ngozi. Mabomba ya treni yalikuwa makavu. Mhudumu alipita akitangaza kwamba injini imepata hitilafu, fundi anashughulikia, abiria wawe na subira. Msusi akachukua chupa tupu, akaruka chini, akaanza kutembea juu ya kokoto kuelekea mbele. Dereva, alidhani, hawezi kukosa maji.

Dereva alikuwa ameegemea dirisha lake anatafuna karanga. Injini ilinguruma chini yake sawasawa, bila kikohozi.

"Shikamoo. Naomba maji, nina mgonjwa. Tena pole kwa injini."

"Marahaba. Pole ya nini?"

"Si imeharibika?"

Dereva akaacha kutafuna. Alikuwa mtu mzima mwenye uso wa kuchoka. "Nani amesema? Injini nzima hii. Nimeambiwa na mkuu wa treni nisimame, ninasubiri aniambie niende." Akampa dumu dogo la maji, kisha, kama mtu aliyejikuta amesema zaidi ya alivyotaka, akapandisha kioo.

Msusi akarudi kwa kupitia upande wa pili wa treni. Upande ule hapakuwa na abiria. Palikuwa na mikokoteni ya punda, imepangwa mmoja nyuma ya mwingine, na juu ya mikokoteni matenga ya nyanya, mekundu, mamia ya nyanya zilizoiva vizuri. Wapagazi walikuwa wanayapokezana hadi dirisha moja lililofunguliwa. Bwana Funguo alikuwa amesimama chini yake, ameshika kiuno, anaelekeza.

"Polepole hilo! Weka kitanda cha juu. Cha chini kimejaa? Basi lile sukumia kule kwenye mto."

Msusi alihesabu madirisha kutoka mlangoni. Hakuwa na haja, lakini alihesabu. Kilikuwa chumba chao.

Kuna hasira za kupiga kelele, na kuna hasira inayomfanya mtu awe mtulivu. Aliweka dumu la maji chini. Akatembea hadi pale, akakanyaga tenga, akakanyaga lingine, akashika ukingo wa dirisha, na kabla wapagazi hawajaelewa, alikuwa amekwisha kuingiza nusu ya mwili. Kiatu kimoja kilibaki nje. Akaangukia juu ya nyanya, akajizoa, akasukuma matenga mawili yakarudi dirishani na kumwagikia chini, akapata nafasi ya kukaa kwenye kitanda cha chini. Akakaa.

"We mama!" Bwana Funguo akafoka. "Toka humo!"

"Nitoke niende wapi? Hiki ndicho chumba changu. Tiketi ninayo."

"Unaharibu mali ya watu!"

"Nani mwenye mali? Mtaje."

Alizunguka treni, na punde Msusi akamsikia kwenye korido, nje ya mlango, funguo zinalia. Lakini hakufungua, pengine hakutaka abiria wa korido waone kilichomo. Akazungumzia mlangoni, sasa kwa sauti laini, ya kumpaka mafuta.

"Sikiliza, dada. Nikutafutie nafasi nzuri. Kuna viti daraja la kwanza, wewe na mgonjwa wako. Mumeo akae na wenzake. Tuelewane tu."

"Viti vina godoro?"

"Viti vizuri, vya kitambaa."

"Nimelipia godoro. Toa nyanya zako."

"Treni haitoki hapa mpaka ushuke."

"Basi isitoke."

Hilo ndilo Bwana Funguo alilolihitaji. Akaenda behewa moja baada ya jingine akiwatangazia abiria kwamba injini imepona, lakini kuna mwanamke mmoja mkorofi amejifungia chumbani na ndiye anayewachelewesha. Haukupita muda, vichwa vikajaa madirishani, na wengine wakaja hadi chini ya dirisha lake. Msusi alidhani wakiona nyanya zile wataelewa. Waliziona. Wengine waliokota zilizomwagika, wakazifuta kwenye nguo, wakaanza kula.

"Mama, shuka bwana, tuna safari!"

"Wewe peke yako ndiye uliyekata tiketi?"

"Nyanya zimekukosea nini?"

"Mnaona," Msusi akawapigia kelele, "mnaona kwamba mlisimamishwa kwa ajili ya biashara yake? Injini haikuharibika!"

"Tunaona, tunaona," akajibu yule mwanamume wa tai, mdomo umejaa. "Lakini sasa imekwisha kuwa. Wewe ukishuka tunaondoka. Ubishi wako utatufikisha lini?"

Mwanamke wa mkoba akaongeza, "Wanawake wengine bwana! Aibu hawana."

Hapo machozi yakamlenga. Angeweza kupambana na Bwana Funguo hadi kesho. Kupambana na watu aliokaa nao kwenye mbao zilezile kulimvunja nguvu. Akajifuta uso kwa mkono uliolowa maji ya nyanya, na macho yakamchoma zaidi. Akawaza: nikishuka, angalau tutafika. Akaweka mguu mmoja sakafuni atafute njia kati ya matenga.

Ndipo akasikia sauti kwenye korido. Ilikuwa ya mama mkwe, ile aliyokuwa akiitumia kumsema jikoni, kavu, isiyo na haraka.

"Nishushe kidogo. Hapo hapo. Simama."

"Bibi, rudini mkakae," Bwana Funguo akasema. "Bibi, unafanya nini? Usifungue hiyo!"

"Nafungua dawa yangu. Mwanangu, sogea karibu naye. Sogea, sikukuzaa ukiwa mwoga. Haya, bwana, mlikuwa mnasema nanuka. Mlibana pua njia nzima. Nusa vizuri sasa. Nusa, usigeuze uso! Na wewe wa mkoba uliokuja kutazama, nusa. Hiki ndicho kinachotakiwa kulala kwenye kile kitanda ulichokilazia nyanya."

Korido ikajaa vishindo vya watu wanaokimbia. Mtu alitapika. Kisha funguo zikaanza kulia, kwa papara, moja ikaanguka, ikaokotwa, na kufuli likafunguka.

Mlango ulipovutwa, Msusi aliwaona. Mumewe alikuwa amemweleka mama yake mgongoni kama anavyobebwa mtoto. Mguu mgonjwa ulikuwa umetokeza mbele, ubavuni mwa mwanawe, bandeji imefunguliwa inaburuta sakafuni, na unyayo uko sawasawa na kifua cha Bwana Funguo, mweusi pembeni, unachuruzika katikati. Bwana Funguo alikuwa ameegemea ukuta, kofia ameziba nayo pua. Jasho lilimtoka mumewe, lakini hakuangalia chini. Alikuwa anamtazama yule mtu usoni.

"Toa," alisema. Neno hilo moja tu. Akalirudia. "Toa nyanya."

*

Matenga yalihamishiwa koridoni, na abiria walewale waliomzomea Msusi ndio walioyapunguza mzigo njiani, moja moja, kila walipopita. Treni iliondoka. Dumu la maji lilibaki kule kwenye kokoto, na kiatu pia. Ikabidi mumewe anunue maji ya chupa behewa la chakula, na mhudumu safari hii hakucheka. Msusi akamwosha mama mkwe, akambadilisha nguo, akafunga mguu kwa kipande safi cha shuka, akauinua juu ya mto ulionuka nyanya.

Mumewe alikuwa amepanda kitanda cha juu, akasinzia papo hapo kama mtu aliyefanya kazi ya wiki nzima.

"Usidhani nimekupenda," mama mkwe akasema, macho yamefumbwa.

"Sikudhani, Mama."

"Nilikwenda kwa sababu nilichoka kukaa kwenye mbao."

"Najua."

Treni ilipita daraja, ikayumba. Mkono wa bibi ulitafuta kitu cha kushika, ukapata kiganja cha Msusi, na daraja lilipokwisha haukuondoka.

*

Walifika kesho yake, mchana umekwisha geuka. Hospitalini muuguzi wa mapokezi alisoma barua, akatazama ukutani, akasema bingwa wa miguu amekwisha ondoka.

"Mlitakiwa mfike asubuhi."

"Treni ilichelewa."

"Kila mtu treni yake inachelewa. Njooni wiki ijayo."

Hawakuondoka. Walipewa benchi, halafu kitanda cha wodini baada ya Msusi kugombana na watu ambao hakuwahi kujua vyeo vyao. Wakati bingwa aliporudi, weusi ulikuwa umepanda kifundoni. Mguu ukakatwa chini ya goti.

Fundi redio ndiye aliyemuuliza daktari. "Tungemwahi bingwa siku ile ya kwanza, ingekuwaje?"

Daktari alisita. Alikuwa kijana, na bado hajajifunza kudanganya vizuri. "Pengine vidole viwili. Siwezi kusema kwa hakika."

Fundi akashukuru, akatoka. Hakuonekana hadi jioni. Aliporudi wodini alikuwa na vumbi, na uso wake una kitu kipya ambacho mkewe hakukitambua.

"Nilikwenda ofisi ya reli," akasema. "Nimekaa tangu asubuhi. Wameniambia mkuu wa treni yuko likizo. Wameniambia kumbukumbu zao zinaonyesha chumba chetu kilikuwa na abiria watatu, na wote walilala. Kwa hiyo hatuna dai."

"Ukasemaje?"

"Nimemtukana karani wao."

Msusi akaweka chini bakuli la uji. "Wewe?"

"Nimemwambia ni mjinga."

"Basi?"

Akafikiri. "Mara mbili."

Msusi alicheka. Alicheka hadi akashika chuma cha kitanda, hadi wagonjwa wa vitanda vya pembeni wakageuka, na katikati ya kicheko akagundua kwamba analia, na mumewe alikuwa amemshika mkono hajui amtulize kwa lipi. Mama mkwe aliwatazama wote wawili kwa jicho moja.

"Mjinga ni dogo," akasema. "Ungeniuliza mimi, ningekupa jingine."

*

Siku ya kuruhusiwa, mama mkwe alikuwa na magongo mawili ya mbao na hasira ya kutosha kutembelea. Mwanawe alitaka wapande basi. Mama yake akakataa. Kisiki kilikuwa bado kibichi, na daktari alikuwa amesema kilazwe. Wakarudi stesheni.

Foleni ilikuwa ndefu. Walipofika dirishani, mwanamke aliyekaa nyuma ya kioo aliuliza bila kuinua uso, "Kukaa au kulala?"

Msusi alifungua mdomo, lakini gongo likatangulia. Mama mkwe aliliegemeza kwenye kibao cha dirisha, akasogea hadi pua yake ikakaribia kioo.

"Kulala. Ila kabla hujapokea hela, nataka nipelekwe nikakione hicho chumba. Nifunguliwe mlango, niguse godoro, ndipo nilipe."

Mwanamke yule akainua uso. "Bibi, hatuna utaratibu huo."

"Utapatikana. Nina muda."

"Kuna watu nyuma yako."

"Nawaona."

Foleni ikaanza kunung'unika. Mtu akapiga mluzi. Mwingine, kijana mwenye begi mgongoni, akasogea mbele akasema kwa heshima, lakini kwa haraka pia, "Bibi, tafadhali, kata tiketi twende. Unatuchelewesha."

Mama mkwe akageuka. Alijigeuza taratibu, kwa magongo, hadi foleni nzima ikamwona vizuri, gauni linavyoning'inia upande mmoja bila kitu ndani yake.

"Mimi nilichelewa, mwanangu," akamwambia. "Safari ya kuja huku abiria walikaa kimya, tukachelewa wote. Wao walifika. Mimi mguu wangu nauacha katika mji huu."

Kijana akarudi mahali pake. Nyuma yake mluzi ulinyamaza. Mama mkwe akakirudia kioo chake, akaegemea, na bila kutazama nyuma akanyoosha mkono wa kushoto.

"Binti yangu," akaita, "njoo unishike, tutasimama sana."

Msusi akasogea, akamshika kiunoni. Nyuma ya kioo, mwanamke wa tiketi alikuwa amenyanyua simu na bado hajajua ampigie nani.